Mpango wa kupunguza uzani usiokuuliza kama unanyonyesha haukufai

Akina mama wengi waliojifungua ambao hufika kliniki yangu hapa mjini Meru huwa na swali moja ambalo huliweka hadi mwisho. Tumeshazungumza kuhusu kitovu cha mtoto, chanjo na kikohozi, mama amesimama, mkono uko kwenye kitasa cha mlango, ndipo hugeuka na kuuliza kwa sauti ya chini: "Daktari, huu mwili nitaurudisha vipi?" Mara nyingi huongeza la pili: "Kuna mpango fulani nimeambiwa. Niuingie?"

Swali hilo si la aibu, na wala si la majivuno kama baadhi ya wanaume na hata madaktari wenzangu wanavyofikiri. Linalonisumbua ni majibu ambayo mama huyu hupewa huko nje, na bei anayotozwa kwa majibu hayo. Wakati mwingine bei hiyo hulipwa na mtoto.

Majuzi alikuja mama mmoja mwalimu. (Nimebadilisha mambo machache ili asitambulike, naye amekubali nieleze kisa chake.) Hakuja kwa ajili yake. Alimleta binti yake wa wiki 11 ambaye alikuwa analia usiku kucha na hanenepi. Nilifungua kitabu cha kliniki. Wiki ya 6, mtoto alikuwa na kilo 4.7. Wiki ya 10, kilo 4.9. Kwa wiki nne nzima alikuwa ameongeza gramu 200 tu, ilhali mtoto wa umri huo tunatarajia aongeze gramu 600 au zaidi kwa mwezi. Ule mstari ambao wauguzi huuchora katika ukurasa wa uzani, ambao unapaswa kupanda kama barabara ya kuelekea Mlima Kenya, ulikuwa umelala kama barabara ya Mwea.

Nilimwuliza ananyonyesha vipi. Alinyamaza kidogo, kisha akafungua mkoba na kunitolea kopo la majani ya chai lisilo na jina la aliyeyatengeneza, pamoja na karatasi iliyokunjwa mara nne. Karatasi ilikuwa na "programu ya siku 28". Asubuhi, maji moto na ndimu na kikombe cha hiyo chai. Mchana, supu ya kabeji. Jioni, tunda moja na kikombe kingine cha chai. Alikuwa amelipa shilingi 6,500 kwa simu, kwa mtu ambaye hajawahi kumwona uso.

Uzani wake ulikuwa umeshuka kutoka kilo 75 hadi 69. Kilo 6 kwa majuma manne! Wenzake walikuwa wakimsifu. Lakini chai ile ilikuwa inampeleka chooni mara tano kwa siku, na alikuwa akiinuka kitini anaona giza. Alipompigia muuzaji simu kuuliza kuhusu mtoto, alijibiwa kwamba dawa huweza kupita kwenye maziwa, kwa hivyo mtoto apewe chupa asubuhi na usiku. Alinunua maziwa ya kopo. Kopo likaisha kwa siku chache, na la pili likamuuma mfukoni, akaanza kutia kijiko kimoja cha unga mahali pa vitatu. Wakati huohuo matiti, kwa kuwa yananyonywa mara chache, yakapunguza kutoa maziwa. Kwa hivyo mtoto alikuwa akipata kidogo kutoka kwa mama, na kutoka kwenye chupa akipata maji yenye rangi nyeupe.

Huyu hakuwa mama mzembe. Ni mama aliyekuwa akihesabu siku. Likizo ya uzazi kwa mujibu wa Sheria ya Ajira ya mwaka 2007 ni miezi mitatu, na yake ilikuwa inakatika. Mwenzake kazini alipokuja kuona mtoto alimcheka, akamuuliza, "Kwani amebaki mwingine ndani?" Harusi ya dada yake ilikuwa Desemba, na kitambaa cha nguo kilikuwa kimeshanunuliwa kwa kipimo chake cha zamani. Nani kati yetu asingeshawishika?

Basi msomaji, huu ndio msimamo wangu, na nimeufikia baada ya miaka mingi ya kazi hii, kwanza Embu na sasa Meru. Mama aliyejifungua anayetaka kuchagua mpango wa kupunguza uzani asianze kwa kusikiliza ahadi zake. Asikilize maswali yake. Mtu anayetaka kukuuzia mpango, awe wa jimu, wa chakula, wa dawa au wa chai, akipokea pesa zako bila kukuuliza ulijifungua lini, ulijifungua kwa njia gani, unanyonyesha au hunyonyeshi, na presha na damu yako zilikuwaje ulipokuwa mjamzito, mtu huyo hakujui. Anauza kilo kama vile wanavyouza viazi Gakoromone.

Niseme pia kwamba wapo wanaouliza. Nakumbuka mwalimu mmoja wa mazoezi pale Embu aliyemrudisha mama nyumbani kwa sababu mtoto alikuwa wa wiki tatu, akamwambia arudi na barua ya daktari baada ya wiki ya 6. Alipoteza mteja siku hiyo. Mama huyo alirudi mwezi uliofuata, akaleta na wenzake wawili.

Kwanza tuuelewe uzani wenyewe unatoka wapi, maana ukiuelewa hutaharakisha kuulipia. Mwanamke aliyepata mimba akiwa na uzani wa kawaida anatarajiwa kuongeza kati ya kilo 11.5 na 16. Siku ya kujifungua huondoka kilo 5 au 6 hivi, yaani mtoto, kondo la nyuma, maji na damu. Katika siku zinazofuata maji mengine ya mwilini hutoka kwa mkojo na jasho. Ndiyo maana shuka huloa usiku. Nyumba ya uzazi nayo huchukua wiki 6 hivi kurudi ukubwa wake. Kinachobaki baada ya hapo kwa sehemu kubwa ni mafuta, na hayo mafuta mwili haukuyaweka kwa bahati mbaya. Ni akiba ya kutengenezea maziwa. Kwa hivyo mama anayejipima wiki ya 2 na kulia mbele ya kioo anapima kazi ambayo haijaisha.

Kunyonyesha kwenyewe kunatumia nguvu nyingi, takribani kalori 500 kwa siku. Watu husikia hivyo wakadhani kwamba anayenyonyesha hukonda tu bila jitihada. Wengine hukonda, wengine hawakondi, kwa sababu njaa inayokuja na kunyonyesha ni njaa kali, na sisi huku kwetu tunajua kulisha mzazi! Wageni huja na chupa za uji zilizojaa sukari na siagi, soda kreti nzima, mukimo, chapati na kuku. Mama huambiwa ale kwa niaba ya wawili. Ukweli ni kwamba yule wa pili anahitaji nyongeza kama ya sahani moja ya githeri na ndizi mbivu kwa siku nzima. Zaidi ya hapo ni ya mama mwenyewe.

Isitoshe, kuna jambo ambalo halitajwi kwenye matangazo hata kidogo: sindano ya miezi mitatu ya kupanga uzazi. Ni njia nzuri na salama kwa wengi, lakini baadhi ya wanawake huongeza uzani wakiitumia. Nimepata kumwona mama aliyekuwa akilipa jimu kila mwezi huku akidungwa sindano hiyo bila kujua kwamba huenda ndiyo inayomrudisha nyuma. Mweleze muuguzi. Zipo njia nyingine ambazo hazimdhuru mtoto anayenyonya. Ila usiiache sindano kimyakimya ukapata mimba nyingine mtoto akiwa wa miezi minne. Huo nao ni uzani.

Sasa, je, mama anayenyonyesha anaweza kupunguza uzani bila kumuumiza mtoto? Anaweza, na hili nalisema kwa uhakika. Mwaka 2000 jarida la New England Journal of Medicine lilichapisha utafiti wa Marekani juu ya akina mama 40 waliokuwa na uzani uliozidi na ambao walikuwa wakiwanyonyesha watoto wao bila kuwapa kitu kingine. Nusu yao walipunguza kalori 500 kwa siku na kufanya mazoezi ya dakika 45, siku nne kwa wiki, kuanzia mtoto alipokuwa wa wiki 4 hadi wiki 14. Walipungua kama nusu kilo kwa wiki, na watoto wao walikua sawasawa na watoto wa wale wengine. Kumbuka hicho kipimo: nusu kilo kwa wiki. Yeyote anayekuahidi kilo 10 kwa mwezi ilhali mtoto yuko kifuani, mwambie asante na umfungie mlango. Hali kadhalika mpango unaokushusha chini ya kalori 1,800 hivi kwa siku, au unaokukataza kabisa vyakula vya wanga, haufai wakati wa kunyonyesha. Madaktari wameandika juu ya akina mama wanaonyonyesha waliojinyima wanga kabisa na kufikishwa hospitalini damu yao ikiwa imejaa asidi.

Kuhusu hizo chai, mara nyingi siri yake ni sanamaki, ile dawa ya zamani ya kuendesha tumbo ambayo wazee wetu wa pwani wanaijua vizuri. Inatoa maji na kinyesi. Mafuta haiyagusi. Unapojipima umepungua, ukinywa maji yamerudi. Ukiitumia kila siku unapoteza madini ya potasiamu, misuli inalegea na moyo unaweza kupiga ovyo. Afadhali hata sanamaki peke yake, maana unajua ni nini. Maabara za nchi za nje zimekuta mara nyingi dawa iitwayo sibutramini ikiwa imechanganywa kisirisiri katika bidhaa zilizoandikwa "asilia" na "mitishamba". Dawa hiyo iliondolewa sokoni Ulaya na Marekani mwaka 2010 kwa sababu ilizidisha hatari ya mshtuko wa moyo na kiharusi. Ukipewa kopo, tafuta jina la mtengenezaji na orodha ya vilivyomo, na uliza kama Bodi ya Dawa na Sumu imeisajili. Usipoviona, hujanunua dawa, umenunua fumbo.

Sindano mpya za kukondesha, zile za semaglutide ambazo Marekani iliziidhinisha kwa ajili ya uzani mwaka 2021, zina kazi yake kwa wagonjwa wanaozihitaji. Mama anayenyonyesha si mmoja wao, na anayepanga mimba nyingine anatakiwa awe ameiacha angalau miezi miwili kabla.

Kisha kuna jambo letu la hapahapa, na najua nitalaumiwa kwa kulitaja. Miraa ya Igembe na muguka wa Mbeere huondoa hamu ya chakula. Kila mtu anajua. Wapo akina mama wachache ambao wameniambia kwa siri kwamba hutafuna kidogo "ili wasile", na pia ili wasisinzie mtoto akiamka. Sina ugomvi na mkulima; karo za wengi wetu zimetoka huko, pengine hata yangu. Lakini vipimo vya maabara vimekuta kemikali ya miraa ndani ya maziwa ya mama na hata kwenye mkojo wa mtoto anayenyonya. Mtoto hana meno, naye anatafuna.

Hadi hapa nimezungumza kana kwamba kila kilo ni chakula. Sehemu ya kazi yangu ambayo hunikosesha usingizi ni ile ya wanawake ambao uzani wao ulikuwa ni ugonjwa, na programu ikauficha. Mama ambaye miguu inavimba, tumbo linajaa, anashindwa kulala chali kwa kukosa pumzi, na anachoka akipanda ngazi chache, huenda moyo wake umedhoofika. Kuna ugonjwa wa moyo unaowapata wanawake mwisho wa mimba au katika miezi mitano ya kwanza baada ya kujifungua. Mama wa namna hiyo ukimpeleka jimu akakimbie ili "apunguze mwili", unaweza kumzika. Maumivu makali ya kichwa pamoja na kuona ukungu, hata kama ulijifungua salama wiki tatu zilizopita, ni presha hadi ithibitishwe vingine. Nenda siku hiyohiyo, usingoje Jumatatu.

Na kinyume chake pia kipo. Nilipokuwa Embu nilimwona mama wa mtoto wa miezi minne ambaye alikuwa nyota wa kikundi chake cha mazoezi. Alipungua kila wiki bila kujitahidi. Mikono ilikuwa ikitetemeka, moyo ukimdunda hata akiwa amekaa, na halali hata mtoto akilala. Alikuwa na uvimbe wa tezi ya shingoni unaowapata baadhi ya wanawake baada ya kuzaa. Kikundi kizima kilikuwa kinampigia makofi ugonjwa. Kisukari na kifua kikuu navyo hukondesha, na havitoi hesabu ya kalori. Na ikiwa uliambiwa una sukari wakati wa mimba, rudi upimwe wiki ya 6 au muda mfupi baadaye, hata kama unajisikia buheri wa afya.

Huzuni nayo nitaitaja kwa ufupi, si kwa kuwa ni ndogo bali kwa kuwa inastahili makala yake. Mama anayechukia mwili wake wote, halali, hali au anakula bila kuacha, na haoni furaha kwa mtoto wake kwa zaidi ya wiki mbili, haitaji programu ya kukonda. Anahitaji mtu wa kuongea naye, na huenda akahitaji dawa.

Nisieleweke kwamba nasema uzani usijaliwe. Uchunguzi wa kitaifa wa afya wa mwaka 2014 ulionyesha kwamba thuluthi moja ya wanawake wa Kenya wa umri wa miaka 15 hadi 49 walikuwa na uzani uliozidi. Mama anayebaki na kilo 8 kila baada ya mtoto, akizaa watoto watatu, hesabu unaijua. Mimba inayofuata huja na presha na sukari. Kwa hivyo kazi ipo. Ninachobishania ni wakati na njia.

Wakati wenyewe kwa wengi ni baada ya ile ziara ya wiki ya 6. Kabla ya hapo tembea taratibu, kula, lala kila mtoto anapolala, na fanya mazoezi ya kukaza misuli ya nyonga, yaani kukaza kama unayezuia mkojo, mara kadhaa kwa siku. Hayo hayahitaji jimu wala nguo maalumu, unaweza kuyafanya ukiwa umepanga foleni benki. Aliyepasuliwa asiinue kitu kizito kuliko mtoto wake hadi daktari amruhusu. Na kabla ya kuanza yale mazoezi ya kuinuka ukiwa umelala chali ambayo kila programu hukimbilia, jipime: lala chali, kunja magoti, inua kichwa kidogo, kisha gusa katikati ya tumbo juu ya kitovu. Vidole viwili vikizama na kuacha nafasi, misuli yako ya tumbo bado imeachana, na mazoezi hayo yanaweza kuizidisha kuachana. Tumbo litazidi kutokeza, nawe utadhani hujajitahidi vya kutosha. Nayajua haya kwa uchungu. Mimi mwenyewe baada ya mtoto wangu wa pili nilinunua mshipi wa kubana tumbo kwa bei ambayo sikumwambia mume wangu, nikauvaa hadi nikatoka vipele, na tumbo likabaki pale pale. Nilikuwa daktari wa miaka minane!

Chakula chetu kisitukanwe. Naona karatasi za programu zinazomwagiza mama wa Nkubu atafute mbegu za Amerika ya Kusini na maziwa ya lozi, ilhali nyumbani kuna njahi, ambazo bibi zetu waliwapikia wazazi tangu zamani, na nduma, viazi vikuu, maziwa lala, mayai, terere na managu. Njahi zina protini na madini ya chuma. Ukiondoa sukari kwenye chai na uji, soda, mandazi ya saa nne na ile kawaida ya kumalizia chakula kilichobaki sufuriani, umeshapunguza zile kalori 500 bila kulipa mtu. Mama mkwe akikuletea uji mtamu, usimkatalie. Mwombe kwa heshima asitie sukari, useme daktari amekataza. Nitalibeba mimi hilo.

Mwaka 1961 kule New York mama mmoja wa nyumbani aitwaye Jean Nidetch, mwenye watoto wawili wa kiume, alikutana na jirani dukani ambaye alimsifu kwa kuonekana vizuri na kumuuliza atajifungua lini. Hakuwa mjamzito. Aliwaita rafiki zake sebuleni wakawa wanakutana kila wiki, na mwaka 1963 mikutano hiyo ikawa kampuni ya Weight Watchers, ambayo ilienea duniani. Alichogundua huyu mama sisi tulikuwa nacho zamani: chama. Wanawake wanaojuana, wanaokutana kwa siku maalumu, wanaoulizana. Akina mama tisa wa mtaa wa Majimbo, Embu, walichanga wakanunua mzani mmoja, wakawa wanatembea pamoja Jumamosi asubuhi, watoto mgongoni kwa leso, kabla ya kukusanya pesa za mzunguko. Sijaona programu ya bei rahisi kuliko hiyo.

Na mzani wa kuanzia umeshalipiwa. Mtoto wako ana tarehe za chanjo: wiki ya 6, ya 10, ya 14, kisha miezi 6 na 9. Kila unapompeleka apimwe, mwombe muuguzi akupime nawe uzani na presha, na uandike ukutani nyumbani namba mbili, ya mtoto na yako. Ya mtoto ipande. Yako ishuke polepole. Zikishuka zote mbili, simamisha kila kitu uje kliniki.

Akina baba nao wasome hapa. Mkeo hawezi kutembea nusu saa kama hakuna wa kumshika mtoto. Mshike. Na wewe mwajiri, Sheria ya Afya ya mwaka 2017 inakutaka utenge mahali pa mama kunyonyesha au kukamua maziwa na kumpa muda wa kufanya hivyo, hadi saa moja kwa kila saa 8 za kazi. Stoo ya mafagio haihesabiki.

Yule mwalimu tulimwondolea chai siku hiyohiyo. Tulimpa maji ya chumvi na sukari, tukampima damu, tukamwambia amweke mtoto kifuani kila anapotaka, usiku na mchana, na ale githeri lake. Maziwa ya kopo tulimwonyesha jinsi ya kuyachanganya sawasawa, kisha tukayapunguza kidogo kidogo kadiri yake yalivyorudi. Ilichukua siku kumi hivi. Katika wiki ya 14 mtoto alikuwa na kilo 5.7, na mstari ulikuwa umeanza kupanda. Mama naye alikuwa amerudi kilo 72, na hakufurahia, aliniambia wazi. Tulikubaliana aanze kutembea kutoka shuleni hadi nyumbani badala ya kupanda matatu, na tumeandika nusu kilo kwa wiki kwenye jalada la nyuma la kitabu cha mtoto.

Kile kitambaa cha harusi amempelekea fundi aongeze nafasi mbavuni.